Wajibu wa kuishuhudia imani: ametumwa nani, na mipaka iko wapi?

Ukiuliza kanisani ni nani anaweza kusema Mathayo 28:19 bila kufungua Biblia, mikono mingi itanyooshwa. "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi." Ukiuliza tena ni nani mwaka huu ameketi na jirani, mfanyakazi mwenzake au ndugu yake wa damu akamweleza kwa nini anamwamini Kristo, mikono inapungua na macho yanamgeukia mwinjilisti wa mtaa. Wapo pia wa upande wa pili: hawawezi kupanda daladala bila kusimama na kuhubiri hadi kituo cha mwisho, kwa kuamini kwamba abiria akishuka bila kusikia Injili kisha akafa, damu yake iko juu yao. Katikati wamo walio wengi. Hao kila Jumapili ya umisheni hutoka ibadani na hatia moyoni, wala hawajui waifanyie nini.

Mimi naamini wajibu huu upo, na ni wa kila aliyebatizwa. Lakini tumeuchanganya na mambo ambayo Maandiko hayakutuagiza, na mchanganyiko huo ndio unaowanyamazisha wengine na kuwafanya wengine kuwa kero kwa majirani zao. Inafaa tuyatenganishe.

Swali la kwanza ni la zamani kuliko tunavyodhani: agizo lile walipewa akina nani? Mathayo anasema waziwazi kwamba waliopanda mlimani Galilaya walikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya karne moja baada ya Matengenezo ya Kanisa, walimu wengi wa Kiprotestanti huko Ulaya walishikilia kwamba agizo lilikuwa la mitume peke yao na kwamba lilikwisha walipokufa. Mwaka 1664 Justinian von Welz, bwana mmoja mwenye asili ya Austria, aliandika vijitabu kuwasihi Walutheri wenzake watume watu kwa mataifa. Kiongozi wa kanisa mjini Regensburg, Johann Heinrich Ursinus, akampinga vikali. Welz hakupata kanisa la kumtuma. Mwishowe akaenda mwenyewe Suriname, Amerika ya Kusini, akafia huko.

Aliyeitikisa hoja ile ni William Carey, fundi viatu wa Kiingereza aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti. Katika kijitabu chake cha mwaka 1792 aliuliza hivi: kama agizo la kwenda lilikuwa la mitume tu, ubatizo nao tunaufanya kwa ruhusa ya nani? Maana kwenda na kubatiza vimo katika agizo hilo hilo. Na ile ahadi ya mwisho, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote, hata ukamilifu wa dahari", ina maana gani kama waliopewa walikufa wote katika karne ya kwanza? Mwaka uliofuata alisafiri kwenda India. Sijaona aliyeijibu hoja hiyo ikaanguka. Wakatoliki nao walilisema jambo hili kwa njia yao: hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu umisionari, ya mwaka 1965, inafundisha kwamba Kanisa ni la kimisionari kwa asili yake, na Papa Fransisko mwaka 2013 akakazia kwamba kila mbatizwa ni mfuasi mmisionari, awe amesoma au hakusoma.

Hata hivyo, ushahidi unaonishika mimi zaidi hautoki katika mabishano ya wanateolojia. Uko katika Matendo ya Mitume, na tunausoma mara nyingi bila kuuona. Stefano amekwisha kupigwa mawe, na adha kuu imelikumba kanisa la Yerusalemu. Luka anaandika kwamba wote walitawanyika katika nchi ya Uyahudi na Samaria, "isipokuwa hao mitume". Mistari mitatu mbele anaongeza: "Lakini wale waliotawanyika wakaenda huko na huko wakilihubiri neno." Soma sentensi hizo mbili pamoja. Mitume, wale wenye agizo mkononi, wamebaki mjini. Wanaokwenda na neno ni watu waliokimbia na watoto na mizigo, ambao hakuna aliyewawekea mikono wala kuwafanyia ibada ya kuwaaga.

Sura ya 11 inawafuata watu hao hao mpaka Foinike, Kipro na Antiokia. Mwanzoni walisema na Wayahudi wenzao tu. Kisha baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walipofika Antiokia wakasema na Wayunani pia, na wengi wakaamini. Luka, ambaye hutaja majina kwa bidii, hata la Roda, kijakazi aliyeisikia sauti ya Petro mlangoni, hapa hatupi hata jina moja. Hatujui ni nani aliyemwambia Myunani wa kwanza wa Antiokia habari za Yesu. Lakini ni katika mji huo wanafunzi walianza kuitwa Wakristo, na ni kanisa la mji huo lililofunga, likaomba, likawatuma Barnaba na Sauli katika safari ile tunayoiita ya kwanza ya Paulo. Yaani mmisionari mkuu kuliko wote alitumwa na kanisa lililoanzishwa na wakimbizi wasiojulikana.

Baada ya hapo siwezi tena kukubali kwamba kushuhudia ni kazi ya wenye kola.

Lakini hapa panahitaji uangalifu, kwa maana kusema "wote wametumwa" kumewafanya wengine waseme "wote ni wahubiri", na hilo Biblia haisemi. Waefeso 4:11 inawataja wainjilisti kama karama mojawapo kati ya kadhaa. Filipo anaitwa mwinjilisti. Wenzake sita waliochaguliwa pamoja naye kuhudumu mezani hawaitwi hivyo. Na kuna mahali Paulo anauweka utofauti huu wazi kabisa, ndani ya mistari michache tu ya Wakolosai sura ya 4. Kuhusu yeye mwenyewe anaomba waombe Mungu awafungulie mlango wa neno, apate kuinena siri ya Kristo na kuidhihirisha ipasavyo. Kuhusu wao, waumini wa kawaida wa Kolosai, anaagiza jambo jingine: waenende kwa hekima mbele ya walio nje, na maneno yao yawe na neema siku zote, "yakikolea munyu, mpate kujua jinsi iwapasavyo kumjibu kila mtu." Mtume anatafuta mlango wa kuhubiri. Mwumini wa Kolosai anaishi kwa namna ambayo watu watamwuliza, naye awe na jibu.

Petro anasema vivyo hivyo: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Muuza mitumba wa Kariakoo ambaye hajawahi kushika kipaza sauti hajavunja agizo lolote. Analivunja siku mteja wake wa miaka yote, aliyefiwa na mtoto, anapomwuliza, "Mama, wewe ulipofiwa na mumeo ulipata wapi nguvu?" naye akajibu, "Ah, ni kuzoea tu," kwa kuona haya kulitaja jina la Yesu. Hapo mlango ulikuwa wazi na yeye ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni. Si lazima ajue mengi. Yule kipofu wa Yohana 9 alipobanwa na Mafarisayo kwa maswali ya teolojia alikiri kwamba hayajui. Neno moja tu alilijua, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona.

Sasa ile hofu ya damu. Inatoka Ezekieli sura ya 3 na ya 33: mlinzi akiuona upanga unakuja asipopiga tarumbeta, mtu akafa, "damu yake nitaitaka mkononi mwako". Nimesikia maneno haya yakitumiwa kwenye semina za vijana kiasi kwamba kijana anashindwa kulala. Ezekieli aliwekwa na Mungu kwa jina awe mlinzi wa nyumba ya Israeli, watu wake mwenyewe waliokuwa uhamishoni Babeli, na alipewa ujumbe mahususi wa kuwaonya. Hakuambiwa kwamba kila mgeni atakayepishana naye njiani ni deni lake. Paulo alilichukua wazo hilo akalitumia kwa nafsi yake alipowaaga wazee wa Efeso, akisema hana hatia kwa damu ya watu wote. Hakusema hivyo kwa sababu watu wote wa Efeso walikuwa wameamini. Wengi hawakuamini, na mafundi wa sanamu walifanya ghasia mji mzima. Alisema hivyo kwa sababu hakujiepusha kuwahubiria kusudi lote la Mungu. Ezekieli naye aliambiwa wazi: ukimwonya mtu asisikie, wewe umeiokoa roho yako. Hata katika kifungu hicho kinachotumika kutisha, mlinzi haulizwi watu wangapi waligeuka. Anaulizwa kama alisema.

Jambo hilo, kwamba tunaulizwa uaminifu na wala si idadi, lina mizizi katika historia yetu hapa Afrika Mashariki. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakajenga kituo cha Rabai, karibu na Mombasa. Rebmann alikaa miaka 29. Alirudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, na akafa mwaka uliofuata. Waongofu aliowaacha walikuwa wachache mno. Mmoja wa wa kwanza kabisa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa kwenye kitanda cha mauti. Leo kamati yoyote ya umisheni ingemwita mtu huyo nyumbani baada ya ripoti ya pili. Lakini katika miaka ile Krapf na Rebmann walifanya kazi ya lugha iliyowasaidia waliotafsiri Biblia baada yao, na Rabai ikabaki kituo ambacho wengine walikiendeleza. "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu," Paulo aliwaandikia Wakorintho waliokuwa wakihesabiana wafuasi.

Na waliotia maji, kwa sehemu kubwa, hawakutoka Ulaya. Hili tunalisahau kwa sababu vitabu vya zamani viliandikwa na wamisionari kwa wafadhili wao. Rabai na Frere Town, kituo kingine cha misheni hapo Mombasa, ziliendeshwa kwa mikono ya Waafrika waliokombolewa utumwani, kadhaa wao wakiwa wamesomea Nasik, India. Vijiji vingi vya Tanganyika, Kenya na Uganda vilimwona kwanza katekista au mwalimu wa kanisa mwenye Biblia moja na posho kiduchu, na padri au mchungaji alifika baadaye kubatiza walioandaliwa tayari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mboga, upande wa Kongo chini ya milima ya Ruwenzori. Walimu wawili Waganda walitangulia kwenda huko. Chifu Tabaro akakataza watu wasiwauzie chakula, na njaa ikawarudisha. Mwaka 1896 akaenda Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka mmoja tu kabla. Alilima chakula chake mwenyewe. Akapigwa, akasingiziwa kifo cha dada yake chifu, akapelekwa ng'ambo ya mpaka Fort Portal na kufungwa. Alipoachiliwa alirudi Mboga kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Baadaye Apolo aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, ambao majirani zao waliwadharau. Alifia Mboga mwaka 1933. Kanisa Anglikana la Kongo, lenye waumini ambao wengi leo huabudu kwa Kiswahili, linahesabu mwanzo wake hapo, na dayosisi yake ya kwanza ilipoundwa mwaka 1972 ilichukua jina la Boga, yaani Mboga hiyo hiyo. Hakuna mkutano mkubwa wa injili katika habari hii. Kuna mtu aliyekwenda, akakaa, akafukuzwa, akarudi.

Wapo watakaosema: basi inatosha kuishi vizuri, maneno ya nini? Huwa wanamtaja Fransisko wa Asizi, kwamba alifundisha kuhubiri siku zote na kutumia maneno ikibidi tu. Msemo huo haumo katika maandishi yake wala katika habari za kale za maisha yake. Alichofanya hasa kina uzito zaidi. Mwaka 1219, katikati ya Vita vya Msalaba, alivuka mstari wa vita karibu na Damietta, Misri, bila silaha, akaonana na Sultani al-Kamil na kumweleza imani yake. Sultani alimsikiliza na kumrudisha salama. Katika kanuni aliyoiandika mwaka 1221, Fransisko aliwaagiza ndugu watakaokwenda kuishi kati ya Waislamu kwamba wana njia mbili. Ya kwanza: wasifanye ugomvi wala mabishano, wamtii kila mtu kwa ajili ya Mungu, na wakiri kwamba wao ni Wakristo. Ya pili: wakiona inampendeza Mungu, walitangaze neno. Mpangilio huo una hekima ambayo sisi wa Pwani tungeihitaji zaidi ya watu wote. Maisha yanatangulia. Lakini hata katika njia ya kwanza hawafichi wao ni nani.

Papa Paulo wa Sita aliandika mwaka 1975 kwamba mtu wa leo huwasikiliza mashahidi kwa hiari zaidi kuliko walimu, na akiwasikiliza walimu ni kwa kuwa wao pia ni mashahidi. Afrika Mashariki ilikuwa imeliona hilo miaka arobaini kabla. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929 na kuomba pamoja, ulienea Uganda, Burundi, Buhaya na Kenya kupitia walei hasa. Kilichowashangaza watu hakikuwa mahubiri. Kilikuwa ni kumwona mtu akirudisha jembe aliloiba miaka iliyopita, akimwomba mkewe msamaha hadharani, Mhutu na Mtutsi wakiitana ndugu na kula pamoja. Baadaye, wakati wa Mau Mau, baadhi ya ndugu hao huko Kenya waliuawa kwa kukataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Jirani aliyeyaona hayo ilimlazimu aulize. Na alipouliza, walijibu kwa maneno, wakitaja msalaba. Lau wangenyamaza, jirani angedhani ni tabia yao njema tu ya kuzaliwa, na sifa zingewarudia wao.

Sehemu ngumu zaidi kwangu ni mipaka. Kwa sababu tukikubali kwamba anayegeuza moyo ni Roho Mtakatifu, basi kila njia inayomgeuza mtu bila moyo wake kushiriki iko kinyume cha kazi yenyewe, hata kama imejaza daftari la ubatizo. Yesu alimpenda yule tajiri kijana, akamwacha aondoke na huzuni yake. Wengi waliporudi nyuma katika Yohana 6 aliwauliza Thenashara kama nao wanataka kuondoka. Yakobo na Yohana walipotaka kuita moto juu ya kijiji cha Wasamaria kilichokataa kuwapokea, aliwakemea. Na Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 4:2 kwamba wameyakataa mambo ya aibu yaliyositirika na hawaenendi kwa hila.

Mwezi Juni 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano ya Dini Mbalimbali na Umoja wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa kwa pamoja, baada ya mashauriano ya miaka mitano, mwongozo kuhusu ushuhuda wa Kikristo katika ulimwengu wa dini nyingi. Ni nadra pande hizo tatu kukubaliana juu ya lolote. Walikubaliana kwamba kushuhudia ni furaha na wajibu wa Mkristo, na kwamba udanganyifu, shuruti, na kuwavuta watu kwa fedha au zawadi wakati wa dhiki yao havina nafasi katika kazi hiyo.

Tuyalete hayo nyumbani. Dada wa kazi anayelala kwako na kula kwako hana uhuru wa kukukatalia sawasawa na jirani mwenye nyumba yake. Ukimlazimisha kuhudhuria sala ya jioni kila siku, unaweza kumpata akiimba, lakini hujui kama ameamini au anaogopa kurudishwa kijijini. Mgonjwa aliye kitandani hawezi kuinuka akaondoka. Mfuko wa unga unaotolewa baada ya sala ya toba umekuwa bei. Haya hayamaanishi kwamba mwajiri au muuguzi anyamaze maisha yake yote; yanamaanisha aliye na nguvu zaidi asubiri kuulizwa, na akiisha kujibu, msaada wake uendelee ule ule hata kama jibu halikupokewa.

Tuna historia ya kutukumbusha. Wakati wa ukoloni shule nyingi Tanganyika na Kenya zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto kwa kuogopa kwamba watarudi na majina mengine. Shule hizo zilielimisha taifa, nami nazishukuru. Lakini hofu ya wale wazazi haikuwa ya kubuni, na pengo la elimu lililobaki lilikuwa moja ya mambo ambayo serikali ya Mwalimu Nyerere ililazimika kuyashughulikia ilipotaifisha shule kwa sheria ya mwaka 1969. Mkristo anayemwendea jirani Mwislamu leo huku akijifanya historia hiyo haikuwapo asishangae mlango ukifungwa kabla hajamaliza salamu.

Sheria nayo inasema. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuwa na imani na hata kuibadilisha, na inaiacha kazi ya kueneza dini kuwa huru na jambo la hiari la mtu binafsi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 32, inalinda haki ya kuidhihirisha dini hadharani, na papo hapo inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Kwa hiyo mahubiri yanaruhusiwa. Kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Wanaokumbuka mihadhara ya mlingano wa dini ya miaka ya 1980 na 1990, pande zote mbili zikisomeana vitabu ili kuaibishana mbele ya umati, wanajua kwa nini. Umati ulishangilia kila upande kwa zamu yake. Ukimshinda jirani yako namna hiyo mbele ya watoto wake, hatakuja kwako tena na swali lake la kweli. Kwa kipaza sauti kinachoelekezwa dirishani mwa msikiti au mwa mgonjwa saa nane za usiku sihitaji kueleza mengi: Petro amekwisha kusema upole.

Na mtu akiamini? Hapa ndipo nusu ya agizo hupotea. Mathayo 28 haiishii kwenye ubatizo. Inaendelea "na kuwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi". Barnaba alipoona Wayunani wameamini Antiokia, alisafiri mpaka Tarso kumtafuta Sauli, na wakakaa na kanisa hilo mwaka mzima wakifundisha. Mkutano wa injili wa siku tano uwanjani, wenye hesabu ya waliokata shauri iliyotangazwa jukwaani na kisha jukwaa kufunguliwa na kupakiwa kwenye lori, umefanya kazi ya asubuhi na kuiacha ya mchana.

Ulezi huo una gharama, hasa kwa anayetoka familia ya imani nyingine. Anaweza kupoteza urithi, ndoa, hata mahali pa kulala. Rabai ililijua hilo. Katika miaka ya 1880 watoro waliokimbia mabwana zao walimiminika kwenye kituo, na William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa na kisha kusomeshwa India, aliwapokea wakati wakuu wake wa misheni wakisitasita kwa kuogopa fujo. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya elfu moja walipewa hati za uhuru baada ya fidia kulipwa kwa mabwana. Yesu aliahidi katika Marko 10 kwamba anayeacha nyumba au ndugu kwa ajili yake atapata mara mia "sasa wakati huu", na nyumba hizo ni za Wakristo wengine. Hakuna nyumba nyingine zilizokusudiwa.

Ila tusiwe wepesi wa kumhamisha. Nimeona mwumini mpya akizungushwa kanda hadi kanda ili asimulie "alivyokuwa zamani", mpaka ndugu zake wakamchoka na yeye mwenyewe akajichoka. Paulo katika 1 Wakorintho 7 anamwagiza aliyeamini asimwache mwenzi asiyeamini maadamu yuko radhi kukaa naye. Petro anawaambia wake kwamba waume wanaweza kuvutwa kwa mwenendo wao pasipo neno. Kuendelea kumtunza mama, kuhudhuria matanga, kuchangia harusi ya binamu: hayo ndiyo mazingira ambamo swali la dhati huulizwa, pengine baada ya miaka.

Marko ameandika habari ya mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekuwa akilala makaburini. Alipoponywa, watu wa kwao walimsihi Yesu aondoke mipakani mwao, na yule mtu akaomba afuatane naye katika chombo. Ni ombi ambalo sisi tungelikubali mara moja na kumpa kipaza sauti. Yesu alimkatalia, akamwagiza aende nyumbani kwa watu wa kwao akawaeleze mambo Bwana aliyomtendea. Akaenda, akaanza kuhubiri katika Dekapoli. Sura mbili baadaye Yesu anapita tena katika mipaka ya Dekapoli, na safari hii watu wanamletea kiziwi mwenye utasi, wakimsihi amwekee mikono.